Mwaka Tulioacha Kubebana

Yeremia anacheka vilevile. Miaka arobaini na kitu imepita, meno ya mbele yameondoka, mgongo umepinda, lakini kicheko chake cha kupiga meza kwa kiganja hakijapungua hata kidogo, na nilikitambua kabla sijamtambua mwenyewe. Nilikuwa nimeingia kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Kasulu kula chakula cha mchana, nimeagiza ugali wa muhogo na mgebuka, nikasikia meza ya nyuma inapigwa. Tukakumbatiana, tukashikana mikono muda mrefu kama ilivyo kawaida yetu, tukaulizana habari za watoto, za mashamba, za magoti. Alikuwa na mjukuu wake, binti wa chuo cha ualimu, mwenye simu mkononi na adabu ya kutosha kuiweka chini wakubwa wanapoongea. Yeremia akamwambia, "Huyu ndiye Fundi Festo niliyekusimulia. Sisi wawili ndio tulikuwa ambulensi ya Busunzu. Kabla ya bodaboda, kabla ya hizo gari zenu zenye ving'ora, ni sisi!" Akamweleza jinsi tulivyovua magurudumu ya mkokoteni na kuuvika miguu ya mbao ili uteleze juu ya matope, na jinsi akina mama walivyotubariki njia nzima. Binti akauliza kama kuna mgonjwa aliyewahi kuwafia. Yeremia akakuna kidevu. "Hapana. Labda yule mama mmoja, yule mbishi, aliyejiua mwenyewe kwa ukaidi wake." Kisha akaomba pilipili.

Sikumaliza samaki wangu. Nilimtazama akikamua pilipili juu ya maharagwe na nikaona kuwa hasemi uongo. Hivyo ndivyo anavyokumbuka, na ameshamsimulia hivyo mjukuu, na mjukuu atawasimulia wanafunzi wake, na baada ya miaka kumi itakuwa ndiyo historia. Nilitaka kusema neno. Nilisema, "Ndiyo, zamani tulihangaika." Nimekuwa mtu wa kusema "ndiyo" mezani na kukasirika nikifika nyumbani, na mke wangu ananijua, aliponiona navua viatu kwa kuvirusha aliniuliza ni nani safari hii. Kwa hiyo naandika. Ya baba na mama yangu nayaacha, hayana kazi hapa. Naandika mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha useremala kutoka Kasulu, sanduku la randa na patasi, na kiburi cha kuwatosha watu kumi.

Nilikuwa nimepelekwa kitongoji kimoja cha Busunzu kutengeneza milango, fremu na madawati ya madarasa mawili mapya. Walinipangia kwa mjane mmoja, Mama Spesioza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na shule na kwa sababu, walisema, alikuwa anapika. Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi, vyumba vitatu na jiko la nje. Chumba changu kilikuwa stoo kabla sijafika, na kiliendelea kuwa stoo nilipokuwamo: juu ya kitanda changu alining'iniza mahindi ya mbegu, pembeni walikaa kuku wawili wanaoatamia, na ukutani kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi ambalo aliliziba kwa gunzi kila mvua ilipotoka upande wa mto. Mwanzoni aliniandalia mezani, sebuleni, kama mgeni. Baridi ya milima ile haina masihara, na siku ya nne nilibeba sahani yangu nikamfuata jikoni. Hakushangaa. Alinisogezea kigoda, akanikatia ugali mwingine. Alipika maharagwe kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa nje, na kisamvu, ambacho yeye alikiita isombe na kukitwanga mwenyewe, hakumwachia mtu kinu. "Kula, mwana wanje," alikuwa akisema, yaani mwanangu. "Mtu wa randa hali kama kuku." Mimi nilikula, na nilidhani ile ilikuwa huduma niliyostahili. Leo nikikaa kwenye meza yangu ya mninga, yenye viti sita na watu wawili, najua hakuna jiko lililonipenda kama lile, na kulijua sasa hakunisaidii chochote.

Jikoni ndiko nilikosikia habari ya mabega. Mama Spesioza hakuzaliwa upande huu. Alivuka kutoka Burundi akiwa mke kijana bado, mwenye uzazi wa siku mbili, homa imempanda, mtoto amekufa. Majirani waliokuwa wanakimbia naye walimweka kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa kwa mianzi na matete yenye miti miwili mirefu, wakambeba kwa kupokezana mpaka Munanila. Walikuwa na mizigo yao, na watoto wao, na hofu yao. "Njia siikumbuki hata kidogo," aliniambia akichochea moto. "Nakumbuka mabega. Ukibebwa unamsikia anayekubeba anavyopumua. Huyu akichoka, anakuja mwingine, unasikia pumzi nyingine. Nikawa najiambia, huyu naye hajaniacha." Nilimsikiliza kama vijana wanavyowasikiliza wazee, huku nikifikiria mlango wa darasa uliokuwa umejikunja.

Ingobyi haikuwa mali ya mtu. Kitongoji kizima kilikuwa kundi moja la machela, na kiongozi wake alikuwa Mzee Gervas, mtu mfupi, mwenye shingo nene na maneno machache. Mtu akizidiwa, pembe inapulizwa, na kila nyumba inatoa mwanamume. Wanne wanaingia chini ya miti, waliobaki wanafuata nyuma, na Gervas anatembea pembeni akiita "Badili!" kila baada ya hatua kadhaa, mpaka juu kwenye barabara kubwa ambako lori au gari la misheni linaweza kupatikana. Asiyetokea bila sababu alitozwa debe la maharagwe, na aibu. Nami nilibeba mara tatu katika miezi yangu ya kwanza, kwa kuwa mgeni halali bure. Nilichukia. Mti ulinichubua bega, matope yalinivuta kiatu, na mgonjwa wa mara ya pili, mzee mwenye pumu, alikuwa akinishukuru njia nzima kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia. Niliporudi nilimwambia Mama Spesioza kwamba karne hii haistahili watu kubebana kama magunia. Akanipaka mawese kwenye bega lililochubuka.

Yeremia alifika mvua zilipoanza kushika. Alikuwa kijana wa Munanila, amekaa miaka kadhaa kwenye mashamba ya tumbaku kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na amerudi na maksai wawili wakubwa, Karani na Dereva, pamoja na mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli ya gari bovu. Kiangazi mkokoteni ule ungekuwa mfalme. Lakini kwa udongo wetu wakati wa mvua! Wiki ya kwanza ulizama mpaka kwenye ekseli pale mteremko wa mtoni, ukiwa na magunia sita ya mahindi, na ilichukua watu wanane na nusu siku kuutoa. Watu walicheka. Yeremia naye alicheka, akipiga ubao kwa kiganja, lakini nilimwona macho. Nikamwambia, "Tatizo ni gurudumu. Gurudumu linakata. Unataka kitu kinachokalia matope, si kinachoyakata." Sijui wazo lilitoka wapi. Labda ni kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeangusha mti wa mninga na tukauburuta kwa kamba, na ulipofika kwenye matope ulikuwa mwepesi kuliko kwenye nyasi.

Sitajinyima: ile ilikuwa kazi nzuri, na mikono yangu haijafanya nyingine iliyonipa furaha ile. Tulitafuta msituni miti miwili iliyojipinda yenyewe kwenye shina, kwa sababu ubao ukiukunja kwa moto utakunjuka kwa maji. Niliichonga ikawa miguu mirefu, mipana chini kama kiganja na kitu, pua zake zimeinuka mbele zisichimbe. Chini nilipigilia mabati ya pipa la mafuta, misumari imezamishwa. Ekseli tuliiacha mahali pake. Nilitoboa miguu na kutengeneza vishikizo vya mbao vinne, ili mvua zikiisha unang'oa vishikizo, unavua miguu, unarudisha magurudumu, kazi ya muda wa kuchemsha maharagwe. Kwa grisi tulitumia mashapo ya mawese yaliyobaki chini ya mapipa ya wakamuaji. Siku ya majaribio ng'ombe walitoka kama wanavuta kitanda kitupu. Yeremia alipiga kelele, watoto wakakimbia pembeni. Kisha tukafika mteremkoni, na hapo nikajifunza ambacho cheti hakikunifundisha: kitu kinachoteleza kwenda hakijui kusimama. Tulikuwa tumefunga kwa mnyororo, na mnyororo unavuta tu, hausukumi. Gari lilimfuata Dereva likampiga miguu ya nyuma, akaruka, nira ikamvuta Karani, wote wakaingia shambani kwa mtu. Wiki nzima Mama Spesioza alimkanda Dereva kwa maji ya moto na chumvi, ingawa hakuwa ng'ombe wake. Mimi nikatoa mnyororo nikaweka mti mmoja mgumu kutoka kwenye gari hadi kwenye nira, ili gari lisiwakaribie ng'ombe, na nikaufanya mnyororo kuwa breki: ukishuka, unauzungusha kwenye mguu mmoja, unajikita kwenye udongo. Tangu hapo halikushindwa. Watu wakaliita gari la matope.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwashi aliyevunjika paja. Tulimlaza juu ya majani ya migomba, tukamfunga kwa kanga mbili, na tukafika barabarani kabla jua halijapanda sana, watu wawili na ng'ombe wawili, bila pembe, bila umati, bila bega kuchubuka. Wa pili alikuwa mama mjamzito, wa tatu mtoto wa degedege, na wote walipona, na hilo pia naliandika kwa haki. Kichwa changu kikavimba. Wanaume walianza kuniamkia wao kwanza. Nilipopita kilabuni walinisogezea mrija wa pombe ya ndizi na kusema, "Fundi, umetuokoa mabega yetu." Ni mwanamke mmoja tu aliyesema vingine, na alikuwa ndiye anayenipikia. "Linaenda haraka," alisema Mama Spesioza siku ya kwanza alipoliona limebeba mtu. "Ego, ndiyo, linaenda haraka. Lakini kuni huburutwa. Mtu hubebwa." Nilimjibu kwamba mwashi hakulalamika. Akasema mwashi alikuwa amezimia.

Jioni moja nilikuwa chumbani nikinoa patasi, naye amekaa nje, upande wa mto, na Mzee Gervas, na lile gunzi la ukutani lilikuwa limetoka. Nilisikia Gervas akisema, "Spesioza, huyu fundi wako atatuharibia watu. Jumapili nilipuliza pembe ya majaribio. Walikuja wanne. Wanne, yemwe! Zamani wangekuja mpaka walevi." Mama Spesioza akasema, "Muache. Ni mtoto bado. Mikono yake ina akili kuliko kichwa." Nilikasirika nikaacha kunoa. Niliona wivu wa mzee ambaye kazi yake imechukuliwa na ng'ombe, na mapenzi ya mama asiyejua maendeleo. Ningekuwa na kichwa cha kulingana na mikono yangu ningetoka pale, nikakaa nao, nikauliza swali moja tu: kama ile pembe haiitikiwi kwa majaribio, itaitikiwa siku ya mgonjwa?

Badala yake nilikwenda kwenye mkutano wa kitongoji, katika darasa nililolitilia mlango mwenyewe, watu wamebanana kwenye madawati yangu. Kulikuwa na hoja kwamba debe la maharagwe la wasiotokea lifutwe, maana gari lipo. Gervas alisimama akasema gari ni la mtu mmoja na ng'ombe ni nyama. Mtu anaweza kuhama na nyama inaweza kuugua, lakini mabega ya kitongoji yapo siku zote. Nilinyoosha mkono. Nilikuwa mgeni, sikuwa na haki ya kusema mbele ya wenyeji, lakini walinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Nikasema mabega ya binadamu hayakuumbwa kuwa barabara. Nikasema wazee wetu walibebana kwa kukosa, si kwa kupenda. Gervas akauliza, "Na hao ng'ombe wakiugua, fundi?" Nikamjibu, "Tutawabeba kwa machela yako, mzee." Darasa likalipuka. Yeremia alipiga dawati mpaka nikahofia ubao. Gervas alikaa chini taratibu, akakunja mikono juu ya magoti, na debe likafutwa, na baada ya wiki mbili niliiona ingobyi imetandazwa juu ya paa la nyumba ya mtu, imeanikiwa mihogo. Nilipita nikaona ni sawa. Kitu kisichotumika kifanye kazi nyingine.

Mama Spesioza aliamka siku moja ya mvua akashindwa kuwasha moto. Nilimkuta amejikunja mlangoni pa jiko, mikono tumboni, uso umejaa jasho katika ile baridi. Nilimbeba hadi kitandani kwake, na nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nikasema namwita Yeremia. Akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu bado. "Oya, hapana," akasema. "Mimi siburutwi. Mwambie Gervas apulize." Nikambembeleza. Nikamweleza kwamba gari ni salama, kwamba nitaweka godoro, kwamba nitakaa pembeni yake. "Mwana wanje," akasema, "nimekulisha mwaka. Nimekuomba nini?" Hakuwa ameniomba kitu chochote kamwe. Nikaenda kwa Gervas, na Gervas akapuliza pembe uwanjani kwake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Akaja mtu mmoja, kaka yake Gervas mwenyewe. Tukangoja. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyomzuia mtu kwenda kilabuni. Kisha nikaanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba, na siku ile niliijua Busunzu kuliko nilivyoijua mwaka mzima. Nyumba ya kwanza, mwanamume aliyekuwa anakula viazi mlangoni aliniuliza, "Kwani gari limeharibika?" Nikasema halijaharibika, ila mgonjwa anataka kubebwa. Akanitazama kama niliyeleta mzaha. "Anataka? Mgonjwa anachagua?" Nyumba ya pili walisema mgongo. Ya tatu walisema, "Wewe mwenyewe ulituambia, fundi. Mabega si barabara." Hawakusema kwa ubaya. Wengine walikuwa wananipenda. Mwashi niliyemvusha na paja lake alikuja mlangoni kwa fimbo, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba angekwenda lakini mguu, na kwa nini tusimweke tu kwenye gari, mbona yeye alilala kama mtoto? Niliomba, nikatukana, kwenye nyumba moja nilipiga magoti kwenye matope na mke wa mwenye nyumba akageuza uso kwa aibu yangu. Hadi jua linazama nilikuwa nimepata watu watatu tu, Gervas, kaka yake na mwingine mmoja, mimi wa nne, na Gervas akatikisa kichwa. Wanne wasio na wa kuwapokea hawapandi mteremko ule wakati wa mvua. Wangemwangusha mtoni.

Yeremia alikuwa tayari tangu asubuhi. Hilo pia ni haki kulisema: ng'ombe wake walisimama na nira siku nzima, na kila nilipopita aliniuliza, "Bado tu?" Alfajiri iliyofuata Mama Spesioza hakuwa na sauti kubwa tena. Niliinama karibu. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Aliniuliza, "Wamekuja wangapi?" Nikadanganya. Nikasema wanakuja. Akafumba macho akasema, "Haya. Nifungeni kwenye miti yenu." Tukamfunga kwa kanga zake mwenyewe. Niliweka godoro langu, niliweka majani ya migomba juu ya godoro, nilipaka mawese miguu yote miwili mpaka ikang'aa, kazi ile ile ya kila siku, kwa umakini ule ule, kama vile umakini ungekuwa dawa. Gari liliteleza vizuri sana. Sijawahi kuliona likiteleza vizuri kama siku ile. Alilia mara mbili, kwenye mawe ya mtoni. Baada ya hapo nilitembea nimeshika ubao karibu na kichwa chake, nikisikia mabati yakisuguana na matope na ng'ombe wakipiga hatua, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kile asichokisikia. Nilijaribu kupumua kwa nguvu. Ni ujinga, lakini nilijaribu, ili asikie mtu.

Alifika barabarani hai, tukapata lori, akafika mjini Kibondo hai. Daktari alikuwa kijana kama mimi. Alifanya alichoweza, akatoka akanawa mikono kwa muda mrefu, akasema, "Mngemleta jana." Hakuuliza jana tulikuwa wapi. Yeremia anasema mjane alijiua kwa ukaidi, na kwa hesabu ya saa yuko sahihi: gari lilikuwepo, ng'ombe walikuwepo, mgonjwa akakataa. Miaka hii yote nimejaribu kuikubali hesabu hiyo, maana inaniachia usingizi. Lakini mwaka mmoja kabla ya mimi kufika angepuliziwa pembe kabla hajamaliza kuomba, na kabla ya saa nne angekuwa barabarani juu ya mabega ya watu anaowajua kwa majina. Sikumuua kwa gari. Gari lilikuwa zuri. Nilimuua kwa mdomo, darasani, kwa utani mmoja uliopigiwa makofi, na waliopiga makofi walinisaidia. Nilipaswa kuyasema haya pale mgahawani, mbele ya yule binti, kabla ya pilipili kufika.

Kesho yake tulimrudisha kwa lori hadi njia panda, yeye kwenye jeneza la mbao laini alilolitengeneza seremala mwingine kwa sababu mikono yangu ilikataa. Habari ilikuwa imetangulia. Nilidhani nitamkuta Yeremia na ng'ombe wake, na kweli alikuwepo, amesimama pembeni ameshika kamba, hajui atazame wapi, kwa sababu barabara yote ilikuwa imejaa wanaume. Walikuwapo wa mgongo. Alikuwapo mla viazi. Walikuwapo walionitajia mabega na barabara, wamekunja suruali, wamevua viatu, na ingobyi ilikuwa imeoshwa, imefungiwa miti mipya. Mtu mmoja alimwambia Yeremia, kwa heshima kabisa, awaondoe wanyama. "Maiti haiburutwi, ndugu yangu," alisema, na wengine wakaitikia, ego, haiburutwi, ni laana hiyo.

Wakamwinua. Walishuka naye mteremko wote katika matope yale, hawakuyumba, na Gervas pembeni akiita "Badili!" kwa sauti iliyokauka, na kila alipoita walikimbilia miti kwa kugombania, waliokosa wakanung'unika. Mimi nilifuata nyuma. Pale mtoni, kwenye mawe aliyolilia, Gervas aliita tena na mmoja akatoka chini ya mti upande wa kushoto, na nikaona nafasi, nikaingia, nikainamisha bega. Gervas akaniwekea kiganja kifuani. Hakunisukuma. Nyuma yangu nilisikia wengine bado wanashuka kutoka barabarani, wengi, wanakimbia wasichelewe.

"Acha, fundi," akasema. "Tumetosha."